Mzee Buhoro Anarudi Nyumbani

Mtoto wa kaka yangu alinikuta jikoni nikichemsha mawese. Nilikuwa nimeyaacha kidogo zaidi ya inavyotakiwa, moshi ukaanza kupanda, na ile harufu yake nzito ikashika mapazia. Akasimama mlangoni huku ameziba pua.

"Shangazi, wenzangu wana mchezo wa mezani," akasema. "Kila mtu anajifanya mtu mwingine, shujaa, au mchawi, au mwizi. Mmoja anasimulia, halafu mnarusha dadu. Wameniita Jumamosi. Nitafanyaje nisionekane mshamba?"

Nikamjibu bila kugeuka. Nikamwambia asihangaike kuzijua sheria zote siku ya kwanza, atazijua akicheza. Amsikilize mwenzake anapoongea, asiwe tu anangoja zamu yake. Mtu wake awe na kitu anachokiogopa. Dadu ikimkataa, akubali. Na kundi lisitengane, hata kama njia ya mkato inaonekana rahisi.

"Haya umeyajulia wapi wewe?" akaniuliza, kwa mshangao uliokaribia kuwa kicheko.

Nikamtuma chumvi. Sikuwa tayari kumweleza mtoto wa umri ule, na harufu ya mawese ilikuwa imeshanitoa pale jikoni. Nyinyi mliokuwa watoto wakati wangu, hasa mliokulia Ujiji, mtanielewa upesi.

Nyumba yetu ilikuwa Kasingirima. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti, na mama alikamua mawese uani. Ua wetu ulikuwa mwekundu daima: ardhi nyekundu, madebe mekundu, hata visigino vya mama vilikuwa na rangi hiyo. Upande wa nyuma kulikuwa na chumba kimoja cha kupangisha, na ndimo walimoingia Mama Nestori na watoto wake wawili.

Walitoka Burundi. Walishukia Mwamgongo, kisha baba akawakuta pale ufukweni alipokwenda kutengeneza mashine, akarudi nao kwenye boti. Mama ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, kwa hiyo jioni ile ile alikaa na Mama Nestori kwenye mkeka, huyu anasema chake na yule chake, na wanaelewana. Hakuna aliyezungumzia kodi. Kesho yake Mama Nestori aliamka akachukua mchi, akaanza kutwanga chikichi pamoja na mama kana kwamba ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya jana na juzi.

Watu mtaani waliwaita wakimbizi. Mimi neno hilo nililielewa nilivyoweza. Niliamini ni watu wenye mbio sana, waliochaguliwa kwa ajili hiyo, nikawa nangoja kuwaona wakikimbia. Nilishangaa kuona wanatembea taratibu kuliko sisi, na kwamba wakikaa chini wanachukua muda mrefu kuinuka.

Nestori alikuwa kijana wa sekondari, mrefu, mwenye shati moja la shule ambalo mama yake alilifua kila jioni. Mdogo wake, Kaneza, alikuwa wa rika langu. Kaneza hakuongea. Alitazama, aliitikia kwa kichwa, alifanya alichotumwa, lakini hakutoa sauti. Mama yangu, ambaye mtoto asiyeamkia alikuwa anamvuta sikio, alipokutana naye asubuhi alisema tu, "Marahaba, mwanangu," kama vile Kaneza ametoa shikamoo. Akaendelea hivyo kila siku. Mimi nilidhani hajui Kiswahili.

Jambo jingine nililolielewa vibaya ni boti. Kila boti ilipoingia kutoka kaskazini, Kaneza aliacha alichokuwa anafanya akateremka ziwani. Nilimfuata mara nyingi. Alisimama mahali maji yanapogusa vidole, akawatazama wanaume wanaoshuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka boti inabaki tupu. Kisha tunarudi nyumbani. Nilimwambia Hamisi, mtoto wa jirani, kwamba yule msichana anapenda boti kuliko chakula.

Hamisi ndiye aliyekuwa na ludo. Alikuja nayo uani siku moja ya mvua, tukacheza chini ya kipaa cha jiko, na Nestori akawa anatutazama. Baadaye akaziokota dadu mbili, akazigeuzageuza kiganjani.

"Kule shuleni Bujumbura tulikuwa na mchezo," akasema. "Mwanafunzi mmoja aliuleta kutoka Ulaya. Dadu zake zina pande nyingi, siyo sita. Lakini hizi zinatosha."

Akaweka kipande cha ubao wa boti juu ya madebe mawili ya mawese. Hiyo ikawa meza. Akatupa kila mmoja mise moja, ile mbegu ngumu ya ndani ya chikichi, akasema hiyo ndiyo mtu wako. Popote mise ilipo, mtu wako yupo.

"Mimi mtu wangu anaitwa Simba-Chuma," Hamisi akasema papo hapo. "Hapigiki, hafi, haogopi kitu."

"Basi hana cha kufanya," Nestori akamjibu. "Asiyeogopa kitu, sisi tutamfuata wa nini? Tutajua tu atashinda. Mpe kitu anachokiogopa."

Hamisi alifikiri sana, uso umekunjamana. "Nyuki," akasema mwishowe.

Mimi nilichagua mganga wa kike, ambaye nilimpa jina refu ambalo sasa nalionea haya. Alijua dawa za kila ugonjwa na aliogopa maji. Nestori aliliridhia hilo, akageuka kwa mdogo wake. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida, bila kumbembeleza, kama alivyotuuliza sisi.

"Na wewe, mtu wako ni nani?"

Kaneza aliishika mise yake kwa vidole viwili. Kisha akaongea. Sauti ilitoka nzito, ya kukwaruza, ya mzee.

"Mzee Buhoro," akasema.

Nakumbuka Hamisi alivyoniangalia, macho nje. Nestori hakuonyesha mshangao wowote, ila mkono wake uliokuwa juu ya ubao ulitulia ghafla. Akatueleza kwamba buhoro kwa Kirundi ni polepole.

"Karibu, Mzee Buhoro. Unaogopa nini?"

"Siogopi. Nimeacha kitu nyumbani."

Hivyo ndivyo mchezo ulivyoanza. Tuliuita Safari. Alasiri, tukitoka shule na madrasa, tulikaa kwenye ubao ule, na Nestori alisimulia. Alikuwa na kipaji hicho. Alisema "ukungu unashuka" na mimi nilihisi baridi mikononi. Kulikuwa na msitu wenye miti inayohama ukiipa kisogo, mfalme aliyeuza kivuli chake, joka lililolala njiani na usingizi wake ukiwa mzito kama mlima. Tulitoka nchi moja iliyoungua kuelekea mji ulio mbele, mji wenye taa, ambao hatukuwahi kuufikia. Ukitaka kufanya jambo gumu, unarusha. Dadu ikisema hapana, ni hapana.

"Usirudie," alikuwa akimkemea Hamisi. "Dadu imeshasema."

Siku moja Hamisi alitaka Simba-Chuma apite njia ya mlimani peke yake, sisi tupite bondeni, tukutane mbele. Nestori alikataa katakata. Alikuwa hakatai mambo, kwa kawaida, lakini siku ile alipandisha sauti.

"Kundi halitengani! Mkitengana, nani atajua mwenzake yuko wapi?"

Mama Nestori, aliyekuwa akiengua mafuta karibu na jiko, aliinua kichwa akatutazama, kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Kaneza aliongea ndani ya mchezo tu. Tukiondoka kwenye ubao, anafunga mdomo. Nilijaribu kumtega, nikamwita njiani, "Mzee Buhoro, shikamoo," naye akanitazama kama mtu asiyemjua anayeitwa. Nikaanza kuamini kwamba Mzee Buhoro ni mtu kweli, anayekaa ndani ya mise ile, na kwamba Kaneza anamwazima mdomo tu. Nilikuwa naiogopa mbegu yenyewe. Sikuigusa.

Na kila siku, Mzee Buhoro alitaka jambo moja. Tukifika njia panda, tukiwa tumemshinda adui au tumeokota upanga wenye moto, sauti ile nzito ilisema, "Mzee Buhoro anarudi nyumbani."

Na kila mara Nestori alimzuia. Mto umefurika. Daraja limekatwa. Njia ya nyuma ina joka. Usiku umeingia. Alimzuia kwa upole, na mara nyingi alibuni kitu kizuri mbele yetu ili tusahau: sherehe, farasi wa bure, mwanamke mwenye kioo kinachosema. Kaneza alingoja, kisha kesho yake akasema tena.

Mimi na Hamisi tulilijadili jambo hili kwa kina, huku tukila maembe mabichi nyuma ya msikiti. Hitimisho letu lilikuwa wazi. Mzee ameacha dhahabu nyumbani. Ndiyo maana haogopi kitu, na ndiyo maana msimulizi hataki tufike. Ni dhahabu nyingi mno, itaharibu mchezo.

"Anatubania," Hamisi akasema. "Kesho tunamuunga mkono mzee."

Kesho yake lilikuwa jua kali, na ubao ulinuka mafuta. Tulikuwa ndani ya mchezo kwenye njia panda ya mawe. Kaneza akasema maneno yake, na kabla Nestori hajafungua mdomo, Hamisi akarukia.

"Simba-Chuma anakwenda naye."

"Na mimi," nikasema. "Kundi halitengani."

Nestori alitutazama kwa zamu. "Mbele kuna mji," akasema. "Taa zake zinaonekana sasa. Mkirudi nyuma mtaupoteza."

"Mji utakuwepo tu," Hamisi akajibu.

"Joka limeamka."

"Basi tunarusha. Wewe mwenyewe ulisema dadu ndiyo inaamua, siyo wewe."

Nestori alimgeukia mdogo wake. Akamwambia kitu kwa Kirundi, haraka na chini, kitu ambacho sikukidaka. Kaneza akatikisa kichwa. Akaziokota dadu mbili, akazitia kati ya viganja, akazirusha. Moja ilisimama kwenye sita papo hapo. Nyingine ilizunguka mpaka ukingoni mwa ubao, ikalala, nayo ilikuwa sita.

Hamisi alipiga kelele za ushindi. Nestori alizitazama zile dadu muda mrefu. Sasa nikiwa mtu mzima naelewa kwamba pale angeweza kusema uongo wowote. Hakuna mtu duniani angemkamata. Alikuwa kijana tu, mwenye ndevu chache kidevuni. Aliufuta uso kwa mkono wa shati.

"Mmevuka mto," akaanza. "Joka halikuwaona. Mnapita kwenye migomba. Migomba imeachwa, majani makavu yamening'inia, hakuna aliyeyakata. Kuna ua wa minyaa. Mbuzi hawapo. Jiko limebomoka upande mmoja. Mlango umefungwa nusu."

"Mzee Buhoro anausukuma," Kaneza akasema.

"Data yumo ndani."

Hamisi akaninong'oneza, "Data ndiyo joka lenyewe?" Mimi nilijua kwamba data ni baba, kwa sababu nilimsikia Mama Nestori akilitamka, lakini sikuona linaingiaje kwenye mchezo.

"Amelala?" Kaneza akauliza. Haikuwa sauti ya mzee tena. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto, sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Oya," Nestori akasema, yaani hapana.

"Kwa hiyo hayuko njiani."

"Hayuko njiani, Kaneza. Mimi nilirudi nikamwona. Hatakuja na boti."

Mimi, ambaye moyo wangu ulikuwa bado ndani ya nyumba ile ya kubuni, nikitafuta pembeni, chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, nikauliza, "Na dhahabu je?"

Nestori alinijibu kwa upole sana. "Hakuna dhahabu, Mwaju."

Kaneza aliinuka, akaiacha mise yake juu ya ubao, akaingia chumbani kwao. Hakulia. Baada ya muda tulimsikia Mama Nestori akiongea kwa ukali kule ndani, na Nestori akijibu neno moja moja. Mama yangu alinivuta jikoni.

"Mmefanya nini?"

"Tulikuwa tunacheza. Tumeingia kwenye nyumba ya mzee, na Nestori anasema baba yao yumo."

Mama aliweka upawa chini. "Baba yao hakuvuka," akasema.

"Hakuvuka nini?"

"Hakuvuka, mwanangu." Kisha, alipoona bado namtazama, akasema wazi kwamba amekufa kule kwao. Alisema Nestori na mama yake waliambiana wamfiche Kaneza mpaka wapate pa kutulia, wakamwambia baba yuko nyuma, anakuja na boti nyingine. Nikakumbuka vidole vyake ndani ya maji pale ufukweni. Nilikaa juu ya kinu na sikutaka kula siku ile.

Siku zilizofuata hatukucheza. Kaneza hakuteremka tena ziwani. Boti ziliingia, tulisikia mashine zake kutoka uani, na yeye aliendelea kuchambua maharage. Nestori alipita na kurudi akiwa ameinamisha kichwa, na mama yake hakumsemesha. Nilimsikia Nestori siku moja akimwambia mama yangu, kwa Kiswahili chake cha shule, "Nilichoka kumzuia, mama. Alikuwa anarudi kila siku peke yake."

Kisha likaja tangazo. Wakimbizi wote waliokuwa wakikaa mitaani wakusanyike, malori yatawapeleka kambini. Baba alikwenda kuuliza huku na kule, akarudi akavua kofia na kukaa nayo magotini. Hakukuwa na la kufanya.

Alasiri ya mwisho, wakati vitu vyao vichache vimeshafungwa kwenye kanga, Kaneza alitoka chumbani akaenda kwenye ubao. Mise zetu zilikuwa pale pale, hakuna aliyezigusa. Hata kuku walikuwa wamezikwepa. Akakaa. Mmoja mmoja tukamfuata, Nestori wa mwisho.

"Mzee Buhoro bado yuko mlangoni," akasema kwa ile sauti nzito.

"Anataka kufanya nini?" Nestori akamuuliza.

"Kumzika."

Hamisi alikuwa mtundu wa mtaa mzima, lakini siku ile alivua kandambili zake kabla ya kusema, "Simba-Chuma anachimba."

"Ardhi ni ngumu?" nikauliza.

"Ni laini," Nestori akasema. "Mvua imenyesha."

Mimi nikasema kwetu maiti huoshwa kwanza, na kwamba mganga wangu anakwenda mtoni kuchota maji. Nestori akasema kwao huwekwa msalaba na watu huimba. Tulitazamana, tusijue ipi ni ipi, mpaka Kaneza akasema tufanye vyote. Basi tukafanya vyote. Kila mmoja alisema anachofanya, taratibu, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Nestori hakusimulia chochote. Aliitikia tu: ndiyo, ameoshwa. Ndiyo, shimo limefika.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Mama Nestori alikuwa amesimama, mikono yake ina mafuta mpaka kwenye viwiko. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nestori alipomwona alitaka kuinuka, nadhani alitegemea kugombezwa, lakini mama yake aliketi chini kando ya ubao, akakunja miguu kama sisi.

"Kuna nafasi?" akauliza. "Mimi sijui mnavyofanya."

Aliyemjibu ni Kaneza, kwa sauti yake mwenyewe, na alimwekea mise moja kiganjani.

"Siyo vigumu, mama. Usiogope. Sema tu unachofanya."

Mama Nestori aliitazama ile mbegu.

"Ninamfumba macho," akasema.

Hakuna aliyemwambia arushe dadu. Tulikaa hivyo mpaka mama yangu alipokuja kutuita kula, akatuona. Akarudi na sinia, akaliweka chini kimyakimya.

Malori yalikuja asubuhi. Watu walikuwa wengi barabarani, wa Kasingirima na wengine walioteremshwa kutoka Rusimbi, na vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba Hamisi alifunika uso kwa fulana. Mama Nestori na mama yangu waliagana kwa kushikana mikono tu, kila mmoja akitazama pembeni. Nestori alimpandisha mdogo wake nyuma ya lori, kisha akapanda yeye. Sikuwaona tena. Niliuliza habari zao kwa watu waliotoka kambini, mwaka baada ya mwaka, na wengine walisema walirudi kwao, na wengine walisema hapana, walipelekwa nchi ya mbali, na hakuna aliyekuwa na uhakika.

Lakini lori lilipoanza kusogea, Kaneza alisimama ghafla, akajishikilia kwenye chuma cha ubavuni. Akaita kwa nguvu zote za kifua chake.

"Mama Mwaju! Sufuria yenu! Tumeifunga kwenye mzigo wetu kwa makosa!"

Mama aliganda. Alikuwa amemwitikia mtoto yule marahaba kila asubuhi bila kusikia sauti yake hata mara moja.

"Nendeni nayo," akasema. "Nendeni nayo, mwanangu." Lakini alisema chini chini, kama mtu anayeongea peke yake, na lori lilikuwa limeshakata kona.